Kidude cha Bi Tunu na Ufunguo wa Pili

Niseme?

Semeni: "Sema, tutapima."

Nikisema, mtaniamini?

"Tukisikia, tutapima."

Hapo sawa. Mtu anayeniambia ananiamini kabla sijafungua kinywa, huyo simtaki kwenye hadithi yangu. Aende akanunue karanga. Na wewe uliyekaa nyuma ya nguzo, sogea mbele nikuone uso.

Basi. Ngamiani, Tanga, kulikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Wa kwanza ni Shemdoe, fundi simu, Msambaa aliyeshuka milimani na kufungua kibanda karibu na soko. Yeye alipewa mikono. Watu wangeweza kugombana mlangoni, redio ikapiga kelele, mvua ikavuja, na mkono wake usitikisike. Alikuwa analehemu vitu ambavyo wewe na mimi hata kuviona hatuvioni.

Wa pili ni Saumu, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Huyu alipewa lugha ya mashine. Chochote chenye chipu ndani yake, Saumu anakiandikia maneno nacho kinatii. Mwanamke mkimya, anaangalia sana, anasema kidogo. Mimi watu wa namna hiyo nawaheshimu, lakini mkoba wangu siuachi karibu nao.

Wa tatu ni Mwinjuma, mtu mzima, mfuga kuku. Huyu alipewa moyo wa kutoa. Ukikosa chumvi, anayo. Ukitafuta ngazi, ameshaileta. Mnawajua watu wanaotoa kabla hawajaombwa: ama ni mawalii, ama kuna kitu wanakitaka. Na Mwinjuma, niseme mapema tusije kulaumiana, alikuwa na kitu anachokitaka.

Wote watatu walikutana kwa Bi Tunu.

Bi Tunu alikuwa mjane, mwenye nyumba yake mwenyewe na asiyemwamini mtu. Mlango wake wa mbele ulikuwa na komeo la chuma kwa ndani, na ufunguo wa kabati aliufunga kwenye pindo la kanga, analala nao. Saumu alikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani. Mwinjuma alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na alichokitaka ni kile kiwanja kidogo cha ubavuni mwa nyumba ya Bi Tunu, apanue banda. Alikiomba, akanyimwa, akacheka, akaendelea kuleta mayai.

Mtoto wa Bi Tunu ni mmoja tu, Thuwaiba, aliyeolewa Maskati. Kwa kuwa mama alikataa kukaa na mtumishi, Thuwaiba alituma kidude cheupe, kidogo kama kisosi cha kahawa. Mafundi wanakiita kihisi. Hakina kamera wala hakisikilizi maneno. Kazi yake ni kujua kama chumbani mna mtu, hata mtu huyo akae kimya na tasbihi yake, maana kinahisi kifua kinavyopanda na kushuka. Shemdoe alikipigilia ukutani, juu ya kitanda. Saumu alikiunganisha na waifai yake ya uani. Tangu hapo, Bi Tunu akiamka alfajiri, simu ya Thuwaiba kule Maskati inapata habari: mama ameamka.

Siku za mwanzo Bi Tunu alikinunia. Baadaye akakizoea, kisha akakipenda. Kilikuwa na taa ya kijani inayowaka mtu anapoingia, naye akawa anawaambia wageni wake kwamba Kidude kina adabu kuliko watoto wa siku hizi, kwani yeye akiingia chumbani kinamwinukia.

Haya, siku moja Maskati hakukufika habari. Wala kesho yake. Taa ya kijani ilikuwa inawaka kama kawaida. Jicho lilikuwapo, ulimi ndio haukuwapo. Thuwaiba alipiga simu, akasikia sauti ya mama yake, akashukuru Mungu, halafu akaanza kufikiri. Na mtu aliye mbali akianza kufikiri, hafikirii mema.

Alimwambia mama yake kwamba kitu kilichokuwa kizima hakifi bure. Fundi ndiye aliyekifunga, anajua pa kukifungulia. Mpangaji ndiye mwenye waifai, anajua pa kuikatia. Jirani ndiye anayekitolea macho kiwanja, na angependa pasiwe na mtu Maskati anayejua kinachoendelea ndani. Mmoja kati ya hao watatu amekitia mkono. Kununua kingine kwa haraka haikuwezekana, aina ile madukani ilikuwa imeshakwisha. Akaweka sharti: Ijumaa ikifika Kidude hakijasema, anatuma tiketi, nyumba inafungwa, mama anahamia Maskati.

Sasa hapo ndipo penye roho ya hadithi yangu, kwa hiyo acheni kunong'onezana. Bi Tunu aliwahi kwenda Maskati. Aliwekwa ghorofani, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, hakuna anayebisha hodi wala wa kumpa shikamoo akaitikia marahaba. Alirudi amekonda. Chumba chake cha Ngamiani ndicho alichoingizwa akiwa bibi harusi, na ndicho alichotaka kutolewa akiwa maiti. Kwake yeye, Ijumaa ile ilikuwa ndiyo siku ya kufukuzwa nyumbani kwake mwenyewe.

Akawaita wote watatu sebuleni, akawapa kahawa, halafu akawaambia wazi wazi.

"Mmoja wenu ameniharibia. Simjui. Kwa hiyo mtakitengeneza nyote, hapa hapa, na mimi nimekaa nawaangalia."

Hakuna aliyenyanyuka kuondoka. Mtu asiye na kosa angekasirika akaaga, au siyo? Au labda mwenye kosa ndiye angeaga. Mimi hapo sijui; pimeni wenyewe.

Shemdoe alianza. Alitandaza taulo mezani, akavaa miwani yake ya lenzi, akakifungua Kidude. Alikisogeza machoni, akakichunguza, halafu, na Saumu aliliona hili, akakisogeza puani. Akamtupia jicho Bi Tunu mara moja, akainamisha kichwa. Alisema jicho ni zima, umeme unapita, ila ile chipu ndogo ya waifai imeliwa na kutu. Akaipulizia hewa ya moto, akaing'oa kwa kibanio, akaiweka kwenye kifuko cha nailoni, kifuko kikaingia mfuko wa shati. Saumu akaomba aione. Shemdoe akasema ni takataka, ya nini kuiona? Saumu akabaki anautazama mfuko ule. Mimi pia ningeutazama.

Lakini chipu nyingine ya aina ile iko wapi? Madukani wanauza za simu, na hii si ya simu. Mwinjuma alinyanyuka, akatoka. Aliporudi alikuwa na kengele ya bandani kwake, ile aliyotengenezewa na Saumu, inayompigia simu taa ya vifaranga ikizimika. Ndani yake mlikuwa na chipu, na Saumu, aliyeijua aina ile tangu alipokiunganisha Kidude, alipoitazama akasema hii na ile ni ndugu wa tumbo moja.

Bi Tunu akamuuliza, na vifaranga je? Mwinjuma akasema Mungu yupo. Mungu yupo kweli, lakini wiki ile ile ikanyesha mvua, umeme ukakatika yeye yuko sokoni, na hakuna kengele iliyomwita. Vifaranga wote walikufa kwa baridi. Aliwafukia nyuma ya banda bila kumwambia mtu, Bi Tunu akamwona kupitia dirishani. Hakumshukuru. Alikaa anajiuliza, mtu akikulipia hivi, ananunua nini?

Kabla ya hiyo mvua lakini, Shemdoe aliilehemu ile chipu. Miguu yake ni midogo kuliko chawa, imepangana ubavuni, na mmoja ukigusana na mwenzake basi kazi yote imekufa. Alishusha pumzi, akagusa, akainua, akagusa. Bi Tunu mwenyewe alisahau kujipepea.

Kisha zamu ya Saumu. Chipu ile haikumjua Bi Tunu, ilijua vifaranga tu. Ilibidi afute maneno ya banda yote na kuandika mapya: jicho likiona mtu useme nini, mtu akitoka useme nini, akikaa kupita kiasi bila kusogea useme nini, na umwambie nani. Alikaa na kompyuta yake mapajani kutwa nzima, chai ikapoa, wali ukapoa. Kwa majaribio aliweka namba ya simu yake mwenyewe, ikawa inalia mkobani kila Bi Tunu anapoingia chumbani. Mwisho akaongeza ya Thuwaiba. Alhamisi, jua halijazama, Maskati ikapata habari: mama yupo chumbani.

Thuwaiba alilia kwa furaha. Alipomaliza kulia akauliza ni nani walioshika kile kitu, na kwa nini wote watatu wamejitolea hivyo. Mnaona? Hata shukrani yake ilikuwa na kufuli.

Siku zikaenda. Bi Tunu alikuwa na sukari, na daktari alishamkataza kufunga, lakini Jumatatu moja akafunga sunna bila kumwambia mtu. Alasiri, akiwa juu ya msala, nguvu zikamwisha. Aliegemea kitanda akashindwa kunyanyuka, na sauti haikutoka. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo, na wa uani vile vile, si mnamjua?

Kidude kikasema: yupo, lakini hasogei.

Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Saumu, anagonga na kuita, "Bibi! Bibi!" Thuwaiba alikuwa bado hajamaliza kumweleza Mwinjuma kwenye simu. Mwinjuma akaja na mtaimbo, Shemdoe akaja mbio kutoka kibandani, wakauvunja mlango. Walimkuta bado anaweza kumeza. Wakampa maji ya sukari kidogo kidogo, wakamkimbiza hospitali, na daktari akasema wangechelewa kidogo tu angekuwa anazungumza na jamaa wengine.

Alirudi nyumbani akakuta mlango mpya, kitasa kipya, na funguo mbili. Nyie mnadhani ilikuwa heri? Funguo mbili ndizo zilizoleta balaa.

Thuwaiba alisema hivi. Ufunguo mmoja abaki nao mama. Wa pili apewe mtu mmoja wa pale pale, na simu ya huyo mtu iwe inapokea habari za Kidude, ili siku nyingine asivunje mlango. Achaguliwe mtu ambaye mama anamwamini kwa moyo wake wote. Na kama pale Ngamiani nzima hakuna mtu wa kuaminiwa, basi mama hana sababu ya kuendelea kukaa pale, tiketi ipo.

Akina mama wa jirani wakamshauri achonge nyingine, awape wote watatu, yaishe. Bi Tunu akawajibu, "Ufunguo wa watu watatu ni mlango wazi." Na mimi hapo niko naye.

Ijumaa baada ya swala wakakaa tena sebuleni. Simu iliwekwa mezani, sauti ya Thuwaiba ikitoka kwa nguvu. Alisema ana swali moja moja kwa kila mtu, na kila mtu alimuuliza pale panapouma.

Alimuuliza Saumu, siku ile alijuaje mapema kuliko watu wote. Saumu akasema namba yake bado imo. Aliiweka kwa majaribio, akasema ataifuta, hakuifuta. Tangu siku ya kwanza alikuwa anapata kila habari: Bibi ameamka, Bibi amelala, Bibi amekaa peke yake muda mrefu. Bi Tunu akaivuta kanga hadi mabegani, kama mtu aliyegundua alikuwa anaoga mlango uko wazi.

"Ungeifuta, leo ningekuwa udongoni," alimwambia. "Lakini ungeniambia, mjukuu wangu. Ungeniambia tu."

Saumu akasema aliogopa akimwambia atakatazwa, na akikatazwa atakosa usingizi. Ndivyo alivyosema. Sikuwamo moyoni mwake nikapekua.

Alimuuliza Mwinjuma kama kiwanja bado anakitaka. Watu wakatazamia atakana. Hakukana. Alisema anakitaka, hata leo akiuziwa atanunua. Thuwaiba akacheka kicheko kikavu, akamuuliza kumbe basi chipu aliitolea nini.

"Niliposikia Bi Tunu anahamishwa," alisema Mwinjuma, "nilijiuliza mayai nitampelekea nani."

Maneno matamu, eh? Mwenye akili atasema, mama angehamishwa, kiwanja si kingekuwa rahisi kupatikana? Kwa hiyo mtu huyu ni mkweli. Mwenye akili zaidi atasema, Thuwaiba kwa kisirani chake asingemuuzia kamwe, ila mama mwenyewe siku moja angelainika. Chagueni akili mnayoitaka.

Akabaki Shemdoe. Thuwaiba alishaambiwa habari za ule mfuko wa shati, nadhani mnajua na nani. Akamwambia aitoe ile chipu mbovu, iwekwe mezani, waseme wote wanaona nini.

Shemdoe, aliyekuwa bado anatembea nayo, aliingiza mkono mfukoni. Kisha akatoa kifuko, akakifungua.

Waliinama kutazama, na kabla hawajaona kitu wakasikia harufu. Ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa ndiyo. Mawaridi.

Bi Tunu akajishika mdomo. Kila Alhamisi jioni alikuwa anafukiza udi nyumba nzima, kisha anapita na mrashi wake, ule wa fedha wa harusini, akinyunyiza marashi. Mgeni akiwapo humnyunyizia, ndiyo heshima ya nyumba. Na Kidude je? Kinakaa chumbani kwake, kinamwinukia akiingia, akipite tu kama ukuta? Kila Alhamisi alikuwa anakinyunyizia na chenyewe, na kukiambia karibu. Marashi yaliingia kwenye vitundu taratibu, Alhamisi baada ya Alhamisi, yakaila ile chipu. Watu watatu walishukiwa, wakatazamana vibaya, wakapoteza vifaranga na usingizi, na aliyekitia mkono alikuwa mwenye nyumba, kwa ukarimu wake.

"Mbona kimya?" simu ikauliza. "Ina nini?"

Harufu haipiti kwenye simu, wenzangu. Thuwaiba hakusikia kitu. Na kila mtu pale alijua akiambiwa kwamba mama yake alikuwa anamkaribisha kihisi kwa marashi, atasema akili za mama zimeanza kupotea, na tiketi itakatwa siku ile ile. Bi Tunu alifungua kinywa.

Shemdoe akaisogelea simu. Hakupepesa jicho.

"Ni chumvi tu, dada. Hewa ya hapa Tanga haiachi chuma kikaishi. Nilificha kwa sababu nilidhani utasema nilikifunga vibaya."

Uongo ukaingia, ukakaa. Thuwaiba akasema kweli, hata friji yao ya zamani iliozea hivyo hivyo. Mwinjuma akatazama dari, Saumu akatazama miguu yake.

Bi Tunu alimtazama yule kijana kwa mapenzi makubwa sana, na kwa hofu. Uongo ule ulimwokoa. Lakini ulitoka laini mno, haukukwaruza popote, ukaongezewa na kisababu chake. Mtu anayejua kukudanganyia hivi, si anajua kukudanganya?

"Haya mama," Thuwaiba akasema, "taja jina. Leo. La sivyo jiandae."

Bi Tunu aliomba radhi, akaingia chumbani kwake. Taa ya kijani ikawaka. Alikaa kitandani, akalifungua pindo la kanga, akautoa ule ufunguo wa pili. Kutoka sebuleni walimsikia anazungumza, na walijua hazungumzi nao.

"Wewe unajua mtu yupo," alikiambia Kidude. "Ni mtu gani, hujui. Na mimi ni hivyo hivyo."

Akatoka, akasimama kizingitini ameukumbatia ufunguo kiganjani. Watatu wakanyanyua macho. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyerudisha mkono nyuma.

Hapo ndipo ninapomwacha amesimama. Bila mikono ya Shemdoe, chipu ni punje tu. Bila chipu ya Mwinjuma, mikono ya Shemdoe ingelehemu nini? Bila maneno ya Saumu, kidude kingebaki kinalinda vifaranga waliokwisha kufa. Mwongo aliyekusitiri, mchunguliaji aliyekuokoa, na mtoaji anayekitamani kiwanja chako mbele ya macho yako. Ukikosea, mbaya wako umemwingiza ndani kwako mwenyewe. Usipochagua, unahama.

Haya, pimeni; si mliahidi? Je, wewe ungempa nani ufunguo? Na usiniangalie mimi. Watazame hao uliokaa nao hapo, kushoto na kulia, kisha ndipo uniambie.